Maji ya Gatini

Mama Chupa aliinamia bomba la nyuma ya ofisi, akalowesha viatu vyake, kisha pindo la suruali.

"Na kichwa, shemeji," alisema nahodha wa mashua, mdogo wa marehemu mumewe. "Nani anatoka bahari kuu nywele zimetulia kama za bi harusi?"

"Niache. Wewe ndiye uliyeniponza."

"Mimi au injini? Imekufa tangu mwezi uliopita. Tumewaambia wakubwa, wakasema tujitahidi. Basi tumejitahidi. Maji si tumechota?"

Kuchota walichota, kweli. Walichotea kwenye ngazi za gati, miguu mitupu, suruali zimekunjwa, mashua imefungwa kando yao. Kazi ilitaka wachote mbali, bahari kuu, wakati uleule setilaiti ya kituo chao cha utafiti wa bahari, kidude kisichozidi boksi la viatu, inapopita juu. Setilaiti hutazama rangi ya bahari na kukisia imehifadhi kaboni kiasi gani, ule uchafu wa moshi wa viwanda na magari ambao maji huumeza. Chupa za Mama Chupa ndizo huonyesha kama imekisia sawa. Wakubwa kwenye kiyoyozi waliiita kazi hiyo sayansi, na kulowana wakawaachia wengine.

Lakini kidude kina jicho. Hilo ndilo lililomnyima raha. Mkurugenzi alikuwa ametangaza kwamba leo picha itatandazwa ukutani mbele ya wafadhili: saa ileile ya kuchota, bahari, na mashua ikiwa kazini.

Ukumbini hakukalika. Mama Chupa aliketi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Mbele, mkurugenzi alikuwa akiwamwagia wageni maneno ya asali kuhusu "watu wetu wasioogopa mawimbi".

"Nakwenda kumwambia," alimnong'oneza nahodha.

"Umwambie nini? Ukitaka kujichimbia kaburi, usinichimbie na mimi."

"Aliyenitangulia walimfukuza kwa kosa dogo kuliko hili. Na mama yenu yuko kitandani, anakula kwa mkono huu. Bora nijisemee mwenyewe kuliko kuumbuliwa ukutani. Labda watanihurumia."

"Wakuhurumie hawa? Kaa chini, shemeji. Sisi tukisema uongo ni wizi. Wao wakisema, huitwa makadirio."

Hakukaa. Alipenya katikati ya viti mpaka mbele.

"Mkurugenzi, samahani. Kabla ya picha, nina neno..."

"Ndiye huyu!" Mkurugenzi alimshika bega, akamgeuzia wageni. "Asubuhi ya leo alikuwa huko nje, peupe, anapigwa na mawimbi! Neno baadaye, dada. Kwanza tazama."

Taa zilizimwa. Mama Chupa alifumba macho. Alingoja kicheko, au kile kimya kinachotangulia mtu kufukuzwa.

Akasikia makofi.

Akafumbua macho. Ukuta mzima ulikuwa bahari, buluu inayopauka kuwa kijani. Na katikati yake, mbali kabisa na pwani, mashua yao nyeupe, ileile yenye injini iliyokufa, ilikuwa ikikata maji, mkia mrefu wa povu ukiifuata.

Mkurugenzi hakumtazama usoni. Alimsogezea kipaza sauti tu.

"Waambie wageni, dada. Bahari ilikuwaje?"

Mama Chupa alikipokea kipaza sauti.

"Ilichafuka kidogo," alisema. "Lakini setilaiti ilipopita, tuliipungia mkono."