Grili ya Mteja

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amebeba grili ya dirisha la mteja alipomwona bintiye mdogo ghorofani kwao, amesimama juu ya kiti, kifua chote nje ya dirisha.

Kila jioni mama yake humshika pale, baba na mtoto wapungiane mikono. Leo hakushikwa na mtu. Na dirisha lao halikuwa na grili; kila mkewe alipomkumbusha, fundi alijibu, "Wiki ijayo, mama watoto."

Akimpungia, mtoto atainama zaidi.

Akailaza grili chini bila kishindo, rangi mbichi ikimnata vidoleni. Akapita kana kwamba hakumwona, akaparamia ngazi.

"Baba," sauti ikalalamika juu. "Hujaniona?"

Kisha akasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, na nyayo ndogo zikikimbilia mlangoni.