Kisanduku Namba Tisa

Simu ya kwenye kisanduku namba tisa ikaita kwa mara ya nne. Mama Mifuko akaibana mikono yake katikati ya magoti ili isimponyoke ikaenda kuipokea.

Kazi yake ilikuwa ndogo kuitaja, kubwa kuifanya. Alikaa mlangoni mwa kuba ya kutazamia nyota, na hakuna aliyepita kwenda kwenye kioo cha darubini kabla yeye hajamkung'uta mifuko na kila alicho nacho: pete, saa, funguo, kalamu, hata karanga. Kioo chenyewe kilikuwa na upana wa mita nane, na vya ukubwa huo dunia nzima vinahesabika. Ufunguo mmoja ukidondoka juu yake, kazi ya miaka imekwisha. Hapo ndipo walipompachika hilo jina, naye akalizoea.

Sheria ya pili ilimhusu yeye mwenyewe: kitu kikishaingia kisandukuni, asikiguse mpaka mwenyewe arudi. Aliyemtangulia alipokea simu ya mtu, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Hata simu yake Mama Mifuko ilikaa kisandukuni, namba moja, na hiyo, alimshukuru Mungu, ilikuwa kimya tangu asubuhi.

Namba tisa ilikuwa ya fundi mgeni. Kazi ya huyo bwana ni kuosha vioo vya darubini kubwa tu. Mwezi mmoja yuko Chile, unaofuata Hawaii, halafu Visiwa vya Kanari, ndipo afike hapa mlimani. "Unaosha vioo vya dunia nzima," wenzake walimtania jana, "vyombo vya nyumbani kwako anaosha nani?" Fundi alicheka tu.

Jana hiyo hiyo ofisi iligawa simu za kazi, maana za kawaida hazishiki mtandao kule juu. Hata mgeni alipewa, na kila mtu akaingiza laini yake na alama ya kidole chake. Zilikuwa nyeusi zote, za mlio mmoja; wakati wa chakula iliita moja, watu kumi wakajipapasa. Na asubuhi ya leo walimjia kwa mkupuo, akawa anapokea vya watu huku anavua na vyake, jasho linamtoka.

Kioo cha simu kikawaka: NYUMBANI. Nani kati yao asiye na Nyumbani kwenye simu yake? Ujumbe ukafuata, mistari miwili inayosomeka bila kuguswa, hapo kando ya pete ya fundi.

"Mtoto kaanguka ngazi za shule. Pokea tafadhali."

Alikuwa na wa kwake, wa darasa la pili, na kwa mtoto huyo yeye ndiye baba, yeye ndiye mama. Akiwa kazini anamwachia mdogo wake. Hakuhitaji kusimuliwa uchungu wa maneno kama yale. Mungu amsaidie huyo mwanamke anayepiga, akasema kimoyomoyo, akainuka kumfuata msimamizi.

"Mzee, fundi ana dharura nyumbani. Mtoto wake ameanguka."

Msimamizi akatazama dirishani. Fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye daraja la chuma, mita moja tu juu ya kioo, masikio yamezibwa, akivuta povu kwa sponji taratibu.

"Nikimgutusha saa hizi atashtuka. Akishtuka..." Akakionyesha kioo kwa kidevu. "Na povu likikaukia pale, limeharibu. Bado saa nzima, dada yangu."

"Na wewe una watoto, mzee."

"Watatu." Sauti yake ikapungua. "Ndiyo maana nakwambia sijui nifanye nini."

Aliporudi mlangoni alikuta ujumbe wa pili. "Kaumia kichwa. Wanataka kumpasua, lakini mzazi akubali kwanza, hata kwa simu."

Simu ikaita tena. Akanyoosha kidole mpaka kikawa unywele mmoja tu kutoka kwenye kioo chake. Lakini akishapokea, aseme nini? Kwamba mwenye simu hayupo? Watu wanangoja neno la mzazi, wao wasikie sauti ya mlinda mlango wasiyemjua? Akakirudisha kidole. Akaanza kulia, tena akijichukia, kwa kuwa machozi yake hayakuwa na faida kwa mtoto wa watu.

Ujumbe wa tatu ulikuwa na maneno mawili. "Uko wapi?"

Baada ya hapo ikaita mara sita mfululizo. Kisha ikanyamaza, na ukimya huo ukawa mbaya kuliko mlio. Alikaa akiitazama, akaitamani iite hata mara moja, apate kujua kwamba huko bado wanangoja.

Saa ilipotimia daraja likavutwa pembeni, fundi akashuka akiwa ameloa. Mama Mifuko akamkimbilia na kisanduku kizima mikononi. Mpaka dakika ile hakuwa ameigusa simu.

"Kaka, nisamehe. Nilikatazwa. Piga nyumbani sasa hivi, mtoto wako yuko hospitali, wanasubiri neno lako."

Fundi akamkodolea macho. Akaichukua simu, akaweka kidole gumba kwenye kitufe cha pembeni. Haikufunguka. Akakifuta kidole kwenye ovaroli, akajaribu tena, ikagoma. Akasoma ujumbe, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

"Dada," akasema polepole, "mimi na mke wangu hatujajaliwa mtoto."

Akamrudishia. Mama Mifuko akaipokea, kidole gumba chake kikatua pale pale kwenye kitufe, na simu ikafunguka.