Unga wa Eliza

Luisa alitua mfuko wa unga katikati ya sebule ya Mama Rosina, akajifuta jasho kwa upande wa kanga.

"Huu wa Eliza. Na asipousonga wote namfuata hukohuko ziwani!"

Wanawake wa jumuiya wakacheka. Gaudiosa akajifanya anamfunga upya mwanawe mgongoni ili apate kuutazama ukuta. Kando ya unga kulikuwa na maharage, sufuria, doti ya kanga, hata sweta la mtoto. Vyote vya Eliza. Na Eliza hakuwepo duniani.

Alikuwa mtu wa kwenye riwaya.

Gaudiosa alikuwa amepata elimu yake ukubwani, darasa la jioni pale parokiani, na tangu hapo sanduku la vitabu la darasa halikupumzika. Alisoma akikoroga uji, alisoma akinyonyesha. Wenzake walipokuwa wakichambua kahawa kwenye vichanja, yeye alikuwa akiwachambua waandishi. Riwaya ya joka lililompenda binti wa mfua vyuma aliisifu, kwamba lile joka lilikuwa na adabu kuliko wanaume wengi. Ila ya daktari na muuguzi aliikataa katakata.

"Mwanamke anasukumwa ngazini, kesho yake anacheka na wenzake! Mwandishi huyo hajui kitu. Mtu aliyeumia mbavu anakiogopa kicheko kuliko kikohozi."

"Haya, Profesa," Luisa alimtania. "Kesho utuambie na joka linanukaje."

Wote waliangua kicheko, isipokuwa Mama Rosina, mwenyekiti wa jumuiya. Yeye aliendelea kutupa punje mbovu.

Ndipo kilipokuja kitabu cha Eliza, msichana aliyechukuliwa na mfalme wa chini ya ziwa akawa mkewe. Kilimshika Gaudiosa vibaya sana. Alikirudisha sandukuni huku moyo umebaki humo. Na siku ya sala, zamu yake ya kutaja nia ilipofika, ulimi ukamponyoka:

"Namwombea rafiki yangu Eliza, yuko kule ziwani. Mumewe anamtesa."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, na mambo yakawa yameshaharibika.

Angejisahihisha palepale. Lakini Luisa alikuwa tayari analia, Luisa yule asiyelia hata msibani. Wiki iliyofuata wakaanza kuulizia hali ya Eliza wao, na Gaudiosa akawa anajibu. Uongo ulimjia kirahisi hata akajiogopa.

"Mume akirudi amelewa, mtoto anamweka wapi?" Mama Rosina alimuuliza siku moja wakiwa njiani.

"Nyuma ya magunia ya mahindi."

"Na atajuaje kama amelewa, kabla hajaingia?"

"Baiskeli. Akiitupa chini, hiyo siku ni nafuu. Akiiegesha taratibu, ndiyo mbaya."

Alifika nyumbani akapiga magoti, akatubu. Watu walikuwa wanajinyima kwa ajili ya mwanamke wa kwenye karatasi, na yeye ndiye anayewalisha maneno.

Sasa Luisa alikuwa anapigapiga ule mfuko wa unga kama anambembeleza mtoto. "Dada yangu wa Mbamba Bay ana chumba nyuma ya mgahawa wake, na anatafuta mpishi. Eliza akakae kwa dada. Huyo mwanaume abaki na maji yake!"

"Kijana wangu Elias anaondoka na pikipiki leo hii," alisema Mama Rosina. "Gaudiosa, wewe baki kidogo. Kuna la kuelekezana."

Gaudiosa akautazama ule mfuko. Ataelekeza nini? Nyumba ipi, kijiji kipi? Wenzake waliaga mmoja mmoja, na kila mmoja alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na kila mkono ulimchoma. Damiano, mume wake, alikuwa amekwenda Mbinga mjini na angerudi kabla ya giza. Moto nyumbani haujawashwa. Lakini hata hivyo hakuweza kuondoka na dhambi ile.

Akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama Rosina.

"Mama, nisamehe. Nimewadanganya wote. Eliza hayupo. Ni mtu wa kitabuni. Warudishie watu vitu vyao, na mimi mkinifukuza kwenye jumuiya, ni haki yenu."

Mama Rosina hakushtuka. Alimfuta machozi kwa kiganja chake kigumu cha jembe.

"Najua, mwanangu. Ulipokirudisha kile kitabu, nilikiazima mimi."

Aibu ilimjaa Gaudiosa hadi masikioni. Na bado, kwa kuwa ndivyo alivyo, swali lilimtoka lenyewe.

"Ulikionaje, mama?"

"Kizuri. Yule mfalme anampikia mkewe samaki kwa mikono yake, anamwimbia mpaka alale. Nimekisoma kurasa zote nikimtafuta mume anayepiga, mwanangu. Humo hayumo." Mama Rosina akainuka, akaanza kulegeza fundo la kanga iliyomshika mtoto. "Nipe Tadei nimvalishe sweta lake, barabarani kuna baridi, na Elias anakungoja wewe."