Punje ya Mwisho

Tunu, fundi wa maabara, alibana pumzi. Kwenye ncha ya unywele aliong'oa kwenye kope yake ilining'inia punje ya plastiki yenye chaji ya umeme, ya mwisho waliyobaki nayo. Zile nyingine walizipasha moto polepole, zikaungua kabla ya kulainika. Ikiungua na hii, maabara inafungwa Ijumaa.

"Mama Salha, ukipiga chafya tumekwisha," alinong'ona Profesa Kihanza, akimwita Tunu kwa jina la mwanawe.

"Basi usinichekeshe, Profesa!"

Tunu akaitua juu ya kipimajoto kidogo kuliko ukucha, akabonyeza kitufe cha kupasha moto. Safari hii moto ulipita kufumba na kufumbua.

"Mstari ukipinda, imelainika," Profesa alisema.

Mstari ukapanda kwenye kioo cha kompyuta, ukasita, ukapinda kidogo, kama kiwiko cha mtoto usingizini. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.