Kidonge cha Mpiga Upinde

"Wewe ndiye mkimbiaji?" daktari alimuuliza mdogo kati ya ndugu wawili waliokuwa mbele yake, akiisoma namba ya presha kwa mara ya pili.

"Mkimbiaji ni mimi," dada mkubwa alisema. "Huyu husimama tu na upinde wake kama nguzo ya umeme."

"Njoo usimame siku moja, dada. Mshale nauachia kati ya pigo moja la moyo na jingine. Moyo wako wewe una ruhusa ya kupiga kelele."

Daktari aliweka vidonge viwili mezani. Wote wawili walikuwa wamerithi presha ya baba yao, na dawa ilikuwa ileile, ya kupunguza mapigo ya moyo. Mkimbiaji ingempunguzia kasi, kwa hiyo hakuna aliyemkataza kuitumia. Mpiga upinde ingemtuliza mkono, na kwa sababu hiyo mchezo wake uliipiga marufuku.

"Fainali ni Jumamosi, na watatupima mkojo," mdogo alisema. "Nikianza Jumapili?"

"Kwa namba hii, hata kesho ni mbali."

"Meza, mdogo wangu," dada alisema. "Baba naye alisema ataanza wiki ijayo. Hakuifikia."

Akameza chake, akampa mdogo wake glasi ya maji iliyobaki nusu.

Mdogo aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha wote kama anavyoshika upinde. Maji hayakutikisika. Aliyatazama kwa muda, kisha akayanywa yote, kidonge kikiwa bado mezani.