Andiko la Baba Kilingeni

Siku hizi mtu akifa, familia yake hukabidhiwa yote aliyoandika mtandaoni kwa siri. Siku ya tatu ya matanga, Shekue aligundua kwamba baba yake alikuwa mwanachama wa Kilinge, jukwaa la wasiojulikana ambalo Shekue mwenyewe alilianzisha.

Baba aliandika mara moja tu: “Naumwa vibaya. Nimwambieje mwanangu Shekue?”

Kilinge humfukuza anayetaja jina la mtu. Shekue alilikumbuka andiko hilo. Wakati ule alidhani akina Shekue ni wengi duniani, akajibu kwa fahari: “Umevunja sheria. Toka.”

“Nisomee, mwanangu,” mama alisema.

Alisoma, akaishia kwenye swali.

“Kwani hakujibiwa?”

“Alijibiwa, mama.”

“Afadhali,” mama alisema, akifuta machozi. “Mungu ambariki huyo aliyemjibu.”