Upindo wa Kitenge

Jamani, hamtaamini, lakini lilitokea, tena kanisani, mchana kweupe!

Mzee wa kanisa alisema, “Anayekubali Tumsifu atengwe, asimame.” Tumsifu wa kwaya, miaka kumi na saba, mimba ya miezi mitano, alikuwa amekalishwa benchi la nyuma kabisa, lile la wenye dhambi.

Mbele yake alikaa Mama Eliakimu.

“Simama basi,” jirani yake akamnong'oneza. “Sheria hizi hizi si ndizo zilizomtoa mumeo kwenye gongo? Umesahau alivyokuwa anakupiga?”

“Sijasahau, dada. Ila huyu mtoto akitengwa, baba yake anamfukuza leo leo. Ataenda wapi?”

“Ukimtetea watakutenga na wewe. Mumeo akirudia pombe, nani atakuja kukuombea?”

Kanisa zima likasimama. Mumewe naye akasimama kule upande wa wanaume, akageuka, akamkazia macho. Mama Eliakimu akashika benchi la mbele, akaanza kujiinua. Mara akahisi anavutwa. Tumsifu alikuwa ameshika upindo wa kitenge chake, vidole viwili tu, kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni.

“Bado mmoja,” mzee akasema, kalamu juu.

Kusimama hakusimama, kukaa hakukaa. Kitenge kilikuwa kimekaza nyuma yake, na vile vidole viwili haviachii.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje?